Mama Mdogo, wenyeji wangu wa Denmark wameniita kikao Jumapili

Mama Mdogo, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga, Ngamiani. Nasoma afya ya jamii mwaka wa tatu, na tangu mwishoni mwa Agosti niko Odense, Denmark, kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Mitihani ni Januari, kisha narudi nyumbani. Vyumba vya wanafunzi vilikuwa vimejaa, nikapangiwa kuishi na familia. Mke ni mwalimu, mume ni fundi umeme, wana binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 9, na mbwa mkubwa wa rangi ya manjano.

Walinipokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Siku ya kwanza waliweka bendera ndogo ya Denmark mezani kwa ajili yangu, na yule mdogo akanifundisha kufunga kofia ya baiskeli. Wakati ule jua lilikuwa linazama saa mbili usiku. Nikawa nawapigia nyumbani nawaambia mbona Ulaya yenyewe si baridi kama mnavyotutisha. Mwishoni mwa Oktoba wakarudisha saa nyuma kwa saa moja, na hapo ndipo nilipoijua Denmark. Naondoka nyumbani giza, natoka darasani saa kumi giza. Mvua yao hainyeshi ikaisha, inaning'inia tu hewani kutwa. Kwenye basi kila mtu na kiti chake. Ukikaa karibu na mtu anauvuta mkoba wake. Nimekaa miezi mitatu na sijui jina la jirani hata mmoja.

Sasa mambo ya ndani. Mama mwenyeji alisema nimwite kwa jina lake, na mumewe hivyo hivyo. Mama Mdogo, yule ni umri wa mama yangu mzazi. Nimeshindwa. Nilijaribu kumwita mama, akacheka, akasema mama yako yuko Tanga. Basi simwiti chochote. Nikiwa na shida nasimama karibu yake mpaka anitazame.

Mezani wanakukaribisha mara moja tu. "Utaongeza viazi?" Nikasema hapana asante, kwa adabu, nikijua ataniuliza tena. Bakuli likapita. Wiki za mwanzo nililala na njaa katika nyumba iliyojaa chakula, nikawa nanunua biskuti nakulia chumbani. Baba mwenyeji akitaka chumvi anasema tu "nipe chumvi". Kiingereza chao ni kizuri kuliko changu, lakini neno tafadhali sijalisikia kwake.

Mwezi wa kumi rafiki yangu Mkenya, naye anasoma hapa hapa, alipita Jumamosi jioni kunijulia hali. Tulikuwa tunakula. Mama mwenyeji akafungua mlango, akamsalimia, akaniuliza, "Mlikuwa mmepanga?" Kisha akamwonyesha chumba changu na kurudi mezani kumalizia sahani yake. Hakuna aliyesema karibu. Yule dada akakaa juu, kitandani kwangu, na koti lake mwilini, mimi niko chini nimeshika uma. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Novemba jina langu likatokea kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Jumatano napika mimi. Nalipa pesa ya chumba na chakula, sasa nimekuwa dada wa kazi?

Jioni wao hukaa sebuleni, wanawasha mishumaa, binti anafuma, mbwa yuko kwenye kochi katikati yao. Mimi nikishamaliza kula napanda chumbani nisiwasumbue. Nasoma, naswali, nalala. Nalala sana siku hizi. Juzi Jumamosi niliamka saa saba mchana.

Ndipo Jumatatu hii mama mwenyeji akanisimamisha kwenye ngazi, akanikazia macho, akasema: "Upo chumbani siku zote. Tunadhani hufurahii kuishi na sisi. Jumapili baada ya chakula tutakaa wote tuzungumze." Wote, na watoto! Mtoto wa miaka 9 akae kwenye kesi yangu mimi? Nimempigia mama, ameniambia nivumilie, nisijibizane na watu wazima, nikae kimya kisha niombe radhi. Rafiki yangu anasema nihamie kwake, ana nafasi ya godoro. Na juu ya yote wameshaniuliza habari ya Krismasi, kama nitacheza nao kuzunguka mti. Mimi ni Mwislamu. Sijawajibu.

Nihame kabla hawajanifukuza?

Binti wa Ngamiani, Odense

*

Marahaba, mwanangu.

Usihame. Neno hilo nilikutumia kwa simu siku ile ile, maana Jumapili yako haingojei safu yangu. Haya mengine nayaandika kwa kirefu kwa sababu wako wenzako walioniandikia kutoka nchi nyingine za baridi, na barua zao ni kama umewanakilia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipomwona mbwa.

Umemtaja mara mbili, tena kwa kupita tu, bila kulalamika. Chumvi umeilalamikia, viazi umevilalamikia, mbwa hukumlalamikia. Lakini mimi najua binti aliyelelewa Ngamiani, aliyeshinda madrasa kila alasiri, hawezi kukaa kwenye kochi lenye mbwa na moyo wake ukatulia. Nakuona ukiruka manyoya kwenye zulia, ukikunja gauni, ukibadilisha nguo kabla ya kila swala. Miezi mitatu hiyo. Na hukumwambia mtu, kwa sababu umefika nyumbani kwa watu na mbwa ni wao. Wewe unaona unawastahi. Wao wanaona jambo moja tu, kwamba kila wakikaa pamoja na kuwasha mishumaa, mgeni wao anapanda ngazi.

Kuwasha mishumaa kule si jambo dogo. Wana neno lao, hygge, ambalo watu wa utalii wamelichosha kwa kulibandika kila mahali, lakini lenyewe lina maana. Ni ile saa ya jioni ya kukaa karibu karibu, chai au kahawa, mwanga hafifu, bila shughuli. Katika nchi ambayo nje pamefungwa tangu Novemba, hiyo ndiyo baraza yao. Wewe umekuwa ukiwapita barazani kila jioni bila kuketi, ukidhani ndiyo heshima. Jaribu kufanya hivyo Ngamiani uone utakavyosemwa.

Basi Jumapili anza na mbwa. Waambie hivi, kwa Kiingereza chako hicho hicho: "Napenda kukaa nanyi jioni. Sikai kwa sababu katika dini yangu mate ya mbwa yananilazimu kujisafisha kabla ya swala, na nguo pia. Naomba tutafute namna." Usiombe radhi kwanza, usizunguke. Watakachofanya sikuapii, lakini dau langu ni kwamba watashangaa kuwa shida ilikuwa hiyo tu, na yule wa miaka 9 ndiye atakayetoa suluhisho: kiti chako mwenyewe, mbwa sakafuni, au mbwa kwenye kitanda chake mpaka saa fulani. Kwa upande wako punguza wasiwasi kidogo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, manyoya makavu yakikugusa ukiwa mkavu hakuna najisi iliyohama; tabu ni majimaji. Muulize mwalimu wako wa madrasa kwa simu akutulize, yeye ana elimu kuliko mimi.

Sasa kikao chenyewe. Mimi nilipoambiwa "tutakaa tuzungumze" mara ya kwanza, nilifungasha begi. Ilikuwa miaka ya 90, kisiwa hicho hicho cha Fyn ulipo wewe, kwenye zile shule za bweni za watu wazima wanazoziita folkehøjskole. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kwa mawazo ya mchungaji mmoja aitwaye Grundtvig, na mpaka leo hazina mitihani. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vile vya tangu 1975, vilichukua mfano kutoka nchi hizo za Nordiki, kwa hiyo pengine umewahi kupita mbele ya mjukuu wake bila kujua. Nilidhani nimeitwa nirudishwe Tanzania. Nikakuta watu arobaini wamekaa duara wanajadili nani haoshi vikombe. Dakika 50 za vikombe! Mwalimu mkuu aliitwa kwa jina lake la kwanza, akaambiwa na kijana wa miaka 19 kwamba hata yeye kikombe chake kiko kwenye beseni, akakubali, akaandikwa zamu. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna hata aliyenuna, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Kwa hiyo watoto kukaa kwenye kikao chako hakuna anayekudhalilisha. Kule mtoto wa nyumba huulizwa maoni kuhusu jambo la nyumba. Atakachosema pengine ni kwamba anataka ucheze naye.

Mama yako amekushauri ukae kimya uombe radhi. Simpingi, kwa Tanga yuko sawa kabisa, na ungekuwa kwa mjomba wako Chumbageni ningekwambia hayo hayo. Kwetu ukimya wa kijana mbele ya watu wazima husomwa kama adabu. Odense ukikaa kimya wataelewa huna la kusema, au unalo na hutaki kuwaamini nalo. Na ukiomba radhi bila kusema kosa watakuuliza, "Kwa lipi?" Hapo utakwama. Watazame usoni unaposema. Najua ni kazi. Mimi nilikuwa natazama paji la uso, wakadhani natazama machoni.

La jina: mwite kwa jina lake. Anza leo, kabla ya Jumapili, hata kwa jambo dogo. "Fulani, maziwa yamekwisha." Dunia haitapasuka. Kule wanafunzi wanawaita maprofesa kwa majina ya kwanza, na ile namna yao ya zamani ya kumwita mtu kwa De ya heshima, yaani "wao", imebaki kwa nadra sana. Fikiria upande wake. Ana binti mgeni nyumbani miezi mitatu, na jina lake halijawahi kutoka kinywani mwa binti huyo. Angekuwa wewe ungefikiri nini?

Na ile "tafadhali" usiyoisikia, usiisake, Kideni hakina neno hilo. Ungwana wao umekaa kwenye tak, yaani asante, ambayo utaisikia mara mia kwa siku. Baba mwenyeji anapokwambia "nipe chumvi" anazungumza Kideni chake kwa maneno ya Kiingereza. Wewe pia, ukimwambia mdogo wako "niletee maji", huongezi tafadhali. Sauti ndiyo inayobeba.

Viazi ndivyo vimenichekesha, samahani. Kwetu mtu akikuta watu wanakula akaambiwa karibu, anajibu "starehe", na wote wanajua kwamba neno hilo huenda likabadilika akikaribishwa mara ya pili, na ya tatu analetewa maji ya kunawa. Mdenmark akiambiwa hapana anasikia hapana. Kukuuliza tena kwake ni kukudharau, kama kwamba hujui tumbo lako. Ulimpa "starehe" yako akaipokea jinsi ilivyo. Ukitaka viazi sema ndiyo mara ya kwanza, na bakuli likiwa karibu jipakulie mwenyewe. Na ukimaliza kula sema tak for mad kabla hujainuka, asante kwa chakula, kisha beba sahani yako mpaka kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Watoto wao wanasema hivyo kila siku, lazima umewasikia. Mpishi atajibu velbekomme, yaani kikufae.

Karatasi ya friji. Mwanangu, hapo umeisoma kinyume. Mgeni haandikwi kwenye karatasi ya friji. Nyumba nyingi za kule hupangiana zamu za kupika, na mtoto wa miaka 13 naye anayo siku yake. Kaiangalie tena hiyo karatasi uone kama jina lake halimo. Dada wa kazi angepika siku saba. Wewe umepewa moja, sawa na wenzako. Siku walipokuandika ndiyo siku walipoamua umekuwa wa pale.

Ila kwa habari ya rafiki yako, sitawatetea. Nimeelezwa sababu zake na nazijua. Chakula hupikwa kwa hesabu, vipande vitano kwa watu watano. Mlo wa saa kumi na mbili jioni ni saa ya familia, na mtu akija bila taarifa hudhaniwa amekuja kuchukua kitu na kuondoka. Yote sawa. Kumwacha mgeni peke yake ghorofani na koti lake huku watu wanatafuna, miaka yote hii halijaniingia, na sidhani kama litaniingia. Liseme Jumapili. Usiseme "mlinidhalilisha". Sema ilivyokuwa kwako: kwetu mgeni akikuta chakula anakula, hata kama ni tonge moja la kila mtu, na siku ile niliona aibu mbele ya rafiki yangu. Kisha uwaulize wangependa uwaarifu vipi. Meseji ya siku moja kabla huwa inatosha, na ukishaarifu utaona mambo mengine kabisa, wanaandaa kiti, wanauliza mgeni anakula nini, wanaoka keki. Mlango wao hauna hodi. Una miadi.

Hili la usingizi ndilo lililonipa wasiwasi kuliko mbwa, kuliko kikao. Mtu wa Tanga amezoea mchana wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Odense kwenye wiki ile ya tarehe 21 Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi kasorobo alasiri. Saa saba za mchana, tena nyuma ya mawingu. Ukilala mpaka saa saba siku ya Jumamosi, umeupoteza mchana zaidi ya nusu, na kesho yake mwili hautajua uko wapi. Toka nje saa sita mchana kila siku, hata dakika 20, hata kama kuna manyunyu. Wao wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu, na wanauishi; utakuta mtoto mchanga amelazwa usingizi nje ya nyumba kwenye kigari chake, baridi hiyo hiyo. Wiki yangu ya kwanza nilipiga kelele nikidhani mtoto ametupwa. Vaa sufu ndani, koti la kuzuia upepo juu, na taa za baiskeli ziwake mbele na nyuma, maana bila taa ni kosa kisheria.

Nunua vitamini D leo. Mamlaka ya afya ya Denmark inawashauri watu wenye ngozi nyeusi, na wanawake wanaojistiri mwili, watumie mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Wewe uko pande zote mbili. Zinauzwa hata dukani penye mikate. Na ile kadi ya njano ya afya uliyoletewa kwa posta, itazame: imeandikwa jina la daktari wako. Kumwona hulipi. Kama usingizi haupungui baada ya wiki mbili za kutoka nje, au ukianza kulia bila sababu, au kitabu ukikifungua hakisomeki, piga simu uombe nafasi. Hili kule halifichwi. Daktari ameona wageni wengi, na wenyeji pia, ambao Desemba huwaangusha.

Swala inaweza kukusaidia hapa kuliko unavyodhani. Kwa mwezi huu adhuhuri yako iko kwenye saa sita na robo, alasiri saa saba na nusu hivi, magharibi saa kumi kasorobo. Tatu ndani ya saa nne, nyingine ukiwa chuoni. Sitashangaa kama umekuwa ukizirundika zote usiku chumbani na kujilaumu. Uliza ofisi ya wanafunzi kama kuna chumba cha utulivu, na ukikosa, darasa tupu lina kona. Alfajiri inakungoja mpaka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, raha ambayo Tanga hujawahi kuipata, basi usiitumie kulala. Isha inaingia karibu na saa ile ile ya chakula cha jioni, kwa hiyo kula kwanza, kaa nao, swali baadaye. Ratiba hiyo ichapishe, ibandike kwenye friji karibu na zamu za kupika. Wataipenda, watu wa ratiba wale.

Krismasi yao ni tarehe 24 jioni, si 25. Usiku ule mji mzima hujifungia ndani, usitegemee duka wala basi la kukimbilia. Watakula bata au nguruwe wa kuchoma, mara nyingi vyote viwili, na viazi vidogo vilivyokaangwa kwenye sukari. Kisha wanashikana mikono na kuzunguka mti wakiimba, nyingine ni nyimbo za dini yao. Kucheza au kutocheza ni uamuzi wako na dini yako, mimi sikupangii. Nilichofanya mimi ni kukaa kwenye kiti nikapiga makofi, nikapiga picha zao wote pamoja, jambo ambalo wenyewe huwa hawalipati kwa sababu kila mara mmoja yuko nyuma ya kamera. Lakini niliwaambia wiki mbili kabla. Ukingoja usiku ule ndipo uukwepe mkono wa mtoto, hapo utawaumiza.

Chakula pia kiseme mapema. Bata akiokwa kwenye sinia moja na nguruwe hakuna maana, waombe sinia lako. Gløgg ni divai ya moto, ingawa ipo ya watoto. Mwisho huletwa wali wa maziwa na krimu, umechanganywa na lozi zilizokatwakatwa, na ndani yake kuna lozi moja nzima. Mchuzi wake wa cheri ulizia kama una pombe. Anayeipata lozi nzima huificha shavuni, wenzake wanaendelea kula mpaka matumbo yaume wakiitafuta, kisha anaitoa na kupewa zawadi. Nakuonya mapema kwa sababu mimi sikuonywa: zawadi yenyewe mara nyingi ni kinguruwe. Kimetengenezwa kwa lozi na sukari tupu, lakini ni kinguruwe, kina masikio na mkia. Niliipata lozi mimi. Meza nzima ilinyamaza wakinitazama nitafanya nini. Nikamkata kichwa nikampa bibi wa nyumba, tukacheka mpaka machozi.

Jumatano inayofuata kikao, pika samaki wa kupaka. Tui la kopo liko kwenye maduka yao ya kawaida, ndimu zipo, bizari utapata kwa Waarabu au Wasomali. Samaki wao wa chewa ananyauka haraka, usimwache motoni kama changu. Pilipili weka pembeni kwenye kibakuli, uwaambie ni kali, na usiwakaribishe mara tatu. Saa kumi na mbili kamili chakula kiwe mezani. Mbwa akiwa mahali pake, mwite yule rafiki yako Mkenya, kwa taarifa ya siku mbili. Wakimaliza kula, mmoja mmoja watakwambia tak for mad. Usiinamishe kichwa ukasema si kitu. Jibu lako ni velbekomme.